Biashara ya Mkulima Katika Miaka ya Maradhi: Kutoka Sotoka Hata Korona



Katika kurasa za kijitabu hiki wenzangu wamekwisha kueleza habari za mizani, za maghala, za mikopo na za mikutano yetu katika miaka hii kumi. Mimi nimeagizwa kuandika habari ya jambo ambalo halikuwamo katika makisio ya mwaka wowote, ambalo hakuna mjumbe aliyelipigia kura, na ambalo hata hivyo liliupima ushirika wetu kuliko bei mbaya yoyote. Jambo hilo ni maradhi ya kuambukiza. Nitaanza mbali kidogo, kwa kuwa mtu autazamaye mwaka 2020 peke yake aweza kudhani kuwa wazee wetu hawakuona kitu cha namna ile. Waliona, tena waliona makubwa zaidi. Na katika yale yaliyowapata yamo mafunzo ambayo sisi wa Lufingo tuliyatumia pasipo kujua kuwa ni ya zamani.

SOTOKA

Maradhi ya kwanza ya kukumbukwa katika biashara ya nchi hii hayakuwa ya watu bali ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati ule ule ambapo wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walikuwa wakijenga vituo vyao vya kwanza katika nchi ya Rungwe, sotoka ilishuka kutoka kaskazini mwa Afrika ya Mashariki na kupita katika mifugo kama moto katika nyasi kavu. Kwa Mnyakyusa ng'ombe hakuwa nyama na maziwa tu. Alikuwa ndiye benki yake, alikuwa mahari ya mwanawe, alikuwa samadi ya shamba lake na heshima yake mbele ya watu. Zizi lilipobaki tupu, si chakula tu kilichopotea, bali mapatano mengi yaliyofungwa kwa ng'ombe yalilegea.

Hapa pana fundisho la kwanza. Watu wa zamani walikuwa wameweka karibu akiba yao yote katika kitu kimoja. Kitu hicho kilikuwa chema, na kwa miaka mingi kiliwafaa. Walakini siku kilipoguswa na maradhi, hapakuwa na cha pili cha kushika isipokuwa mgomba na jembe. Nchi ilisimama tena kwa sababu migomba ilikuwako.

Nataka pia wanachama wafahamu mwisho wa habari ya sotoka, maana una maana kwetu. Dawa ya chanjo iliyofaa sana kupambana nayo ilitengenezwa na mganga wa mifugo aitwaye Walter Plowright pamoja na wenzake huko Muguga, nchini Kenya, karibu na mwaka 1960. Chanjo ile ilitumiwa katika nchi baada ya nchi, na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Adui aliyemaliza mazizi ya babu zetu hayupo tena, na aliyemwondoa hakumwondoa kwa hasira wala kwa kumpuuza, bali kwa kumchunguza kwa subira.

MAFUA YA MWAKA 1918

Maradhi ya pili ndiyo yaliyofanana zaidi na yale tuliyoyaona sisi. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Jenerali Northey, yaliingia katika boma la Neu Langenburg, ambalo ndilo Tukuyu yetu ya leo. Tangu hapo nchi hii ikawa njia ya vita. Chakula kilikusanywa kwa ajili ya askari, na vijana walichukuliwa kuwa wapagazi. Katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, upande wa Waingereza peke yao, hukadiriwa kuwa watu kama milioni moja walifanya kazi ya upagazi, na waliokufa hawakupungua 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na uchovu.

Nchi ikiwa katika hali hiyo ya kuchoka, yakaja mafua. Ulimwenguni yaliitwa mafua ya Kihispania, ijapokuwa hayakuanza Hispania. Yalishuka bandarini Cape Town mwezi wa Septemba 1918, yakapanda reli, na katika wiki chache yakawa yamefika Rhodesia na Nyasaland pamoja na wafanya kazi wa migodini waliokuwa wakikimbilia makwao. Wakati huo huo jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck, lililokuwa limerudi kutoka nchi ya Wareno, lilikuwa likipita Songea, Ubena na Mbozi, likaingia Rhodesia ya Kaskazini mwanzoni mwa Novemba, na likaweka silaha chini mjini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Basi fikirini, ndugu zangu: askari wanatembea, wapagazi wanafunguliwa na kurudi makwao, vibarua wanakimbia migodi, na kila mmoja amebeba ugonjwa katika pumzi yake. Hapana mlango uliofungwa, na hata ungalifungwa hapakuwa na mlinzi.

Wanahistoria hukadiria kuwa katika Tanganyika nzima walikufa watu kati ya 50,000 na 80,000. Jambo baya zaidi ni kwamba mafua yale hayakuchagua wazee na watoto tu, bali yaliwapiga hasa watu wa makamo, ndio wenye nguvu za kulima. Tena yalikuja katika miezi ya Novemba na Desemba, mvua zinapoanza na jembe linapotakiwa. Aliyekuwa kitandani wiki tatu katika majira ya kupanda hakupoteza wiki tatu, alipoteza mwaka. Kwa hiyo baada ya mafua ikaja njaa katika sehemu hizi za kusini-magharibi, njaa ambayo haikuletwa na ukame wala nzige, bali na mikono iliyokosekana.

Fundisho la pili ndilo hili: maradhi makubwa huua mara mbili. Mara ya kwanza huua kwa homa, mara ya pili huua kwa kazi ambayo haikufanywa. Mtu aliyeokoka mafua alihitaji jirani wa kumwekea mbegu ardhini, na kama jirani naye alikuwa ameugua, hapakuwa na chombo kingine cha kumsaidia. Serikali mpya ilikuwa haijakaa sawasawa. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa sababu ya vita, na makanisa yakashikwa na walimu wa Kiafrika wenyewe. Chama cha wakulima hakikuwako. Kila nyumba ilikutana na msiba ule peke yake.

WATU WALIVYOINUKA

Yafaa tuangalie pia namna nchi ilivyoinuka, maana huko ndiko ulikotoka ushirika. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakulima wa Rungwe hawakurudi tu katika yale yaliyokuwako kabla ya vita. Walianza kupanda kahawa katika vilima, na ndugu zao wa bondeni Kyela wakazidisha mpunga. Na dhahabu ya Lupa ilipovuta maelfu ya watu, wachimbaji wale walihitaji kulishwa. Mkulima aliyekuwa na mchele, na mwenye kahawa ya kupeleka ng'ambo, alikuwa sasa na njia mbili za kulipa kodi ya kichwa. Tena wengi walikwenda kazini na kurudi na fedha ya kununulia ng'ombe.

Lakini mwenye kahawa gunia moja mbele ya mnunuzi mmoja ni mtu dhaifu. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Tanganyika mwaka 1932, na wakulima wa Kilimanjaro wakawa wa kwanza kuitumia kwa chama kikuu chao cha KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933. Baadaye wakulima wa Rungwe nao wakaunganisha kahawa yao na mpunga wao katika ushirika. Historia ya vyama hivi haikunyoka: mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, na mwaka 1982 sheria mpya ikaviruhusu tena. Ninalitaja jambo hili ili vijana wajue kuwa chama chaweza kufa kama mtu afavyo, na kwamba hiki tunachokisherehekea leo si kitu cha kudhani kuwa kitakuwako tu.

MWAKA 2020

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana Tanzania, huko Arusha. Siku iliyofuata shule zilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa. Chama chetu kilikuwa bado kichanga. Masoko hayakufungwa katika nchi yetu, wala watu hawakuamriwa kukaa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingi. Ibada ziliendelea, na shambani kazi iliendelea. Kwa sababu hiyo wapo wasemao kuwa kwetu korona haikuwa na athari katika biashara. Maneno hayo si kweli, na mkulima wa Lufingo ayajua vizuri.

Soko la mkulima halipo Lufingo tu. Lipo Kiwira, ambako malori hupakia ndizi. Lipo Dar es Salaam, katika soko la Mabibo ambalo watu huliita Mahakama ya Ndizi. Lipo Mombasa, ambako chai hupigiwa mnada, na lipo Ulaya, ambako maparachichi yetu huliwa. Shule zilipofungwa, mnunuzi mkubwa wa maharage, viazi na maziwa aliondoka siku moja. Ndege za kutoka nje zilisimamishwa tangu Aprili 11 hadi Mei 18, na watalii, ambao mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 1,527,000, mwaka 2020 wakawa 620,867 tu. Hoteli za Arusha na Unguja zikanyamaza, na muuza viazi wa Uporoto, ambaye pengine hajamwona mtalii hata mmoja, akasikia ukimya ule katika bei yake. Tarehe 11 Mei Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, na malori yakapangana Tunduma. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ikatangaza kuufunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa. Ikawa mvutano wa siku kadhaa kabla ya mapatano. Uchumi wa nchi nzima, uliokuwa umekua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2019, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Haukuanguka, lakini ulipungua mwendo, na mwendo ule uliopungua ulilipwa na mtu fulani.

Kulikuwa na shida nyingine, nayo ni shida ya habari. Baada ya hesabu kufikia wagonjwa 509 na waliokufa 21 katika mwaka 2020, takwimu hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2021 tulisikia katika matanga mengi maneno ya "changamoto ya kupumua", na kila mtu alielewa kwa namna yake. Si kazi ya makala hii kuhukumu. Bali mfanya biashara hupanga mambo yake kwa habari, na pasipo habari watu hugawanyika kuwa makundi mawili: waogopao kila kitu na wasioogopa chochote. Makundi yote mawili ni hatari kwa soko. Mwenye hofu hukimbia na kuuza mali yake kwa bei ya kutupa. Mwenye kupuuza huleta ugonjwa penye mizani na kufunga kituo kizima.

SUBIRA YA KILA ZAO

Katika siku zile lilidhihirika jambo ambalo mabwana shamba wetu wamelisema kwa miaka mingi, lakini sisi tulikuwa tukilisikia kama wimbo wa zamani. Kila zao lina subira yake, na subira hiyo ndiyo bima ya kweli ya mkulima.

Jani la chai halina subira. Likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo limeharibika. Na mchai usipochumwa, majani hukomaa na kupoteza ubora wake. Maziwa nayo hayana subira: ng'ombe hajui kuwa mnunuzi hayupo. Ndizi ina subira ndogo, lakini ina heri moja, kwamba isiyouzwa huliwa nyumbani. Parachichi lina subira ya ajabu, maana tunda lililokomaa haliivi likiwa mtini, nalo laweza kungoja wiki kadhaa mpaka lori lipatikane. Kahawa iliyokaushwa vema na kuwekwa mahali pakavu hungoja miezi mingi.

Basi mkulima aliyekuwa na chai peke yake alilazimika kuuza kwa bei yoyote. Aliyekuwa na chai kidogo, mistari ya kahawa, miparachichi kadhaa na migomba nyuma ya nyumba alichagua la kuuza leo na la kuuza kesho. Na subira ililipa: Julai 2021 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa huko Brazili, na bei ya kahawa ya arabika ikapanda ulimwenguni. Hapana mtu wa Rungwe aliyeitabiri baridi ile. Lakini mwenye kahawa ghalani alikuwapo ilipokuja, na aliyekwisha kuuza yote kwa hofu hakuwapo. Hili ndilo jibu la swali la sotoka. Wazee waliweka vyote katika ng'ombe. Sisi tusiweke vyote katika jani moja.

BIASHARA ILIVYOJIGEUZA

Chai isiyongoja ndiyo iliyotufundisha kubadili desturi. Kwa kuwa uchumaji haukuweza kusimama, ilibidi mkusanyiko wa penye mizani upunguzwe. Wachumaji walipewa saa mbalimbali za kuleta majani, vikapu vikapangwa mbalimbali, na ndoo ya maji yenye bomba pamoja na sabuni ikawekwa mahali ambapo kila mwenye kupima lazima apite. Pasipokuwa na ndoo, watu walitengeneza vibuyu chirizi kwa madumu na kamba, vya kukanyagwa kwa mguu. Mwanzoni wengine walicheka. Baada ya majuma machache aliyekuwa akichekwa ni yule aliyekuja na mikono yenye tope.

Mafundi cherehani, walioona mishono ya harusi na ya sare za shule imekatika, waligeukia kushona barakoa za vitambaa. Wenye maduka walianza kuuza ndoo, sabuni, tangawizi na malimau, maana kila nyumba ilikuwa ikijifukiza kwa nyungu. Nyungu iliwapa watu moyo, na sitaidharau. Lakini sitaiita chanjo. Wenye bodaboda, abiria walipopungua, walibeba maziwa, mboga na dawa mpaka mlangoni. Mama lishe waliotegemea wanafunzi walihamia kandokando ya barabara kuu ya Tukuyu na kuwauzia madereva wa malori. Haya ni mambo madogo. Lakini biashara ya mashambani imejengwa kwa mambo madogo, na aliyebadili jambo dogo mapema hakulazimika kubadili kubwa kwa kuchelewa.

Badiliko moja lilitoka Benki Kuu. Mwezi wa Mei 2020 kiwango cha fedha ambacho mtu aweza kutuma au kupokea kwa simu kwa siku kiliongezwa kutoka Sh. 3,000,000 hadi Sh. 5,000,000, na kiasi cha kuweka katika simu kikaongezwa kutoka Sh. 5,000,000 hadi Sh. 10,000,000. Tena mabenki yaliruhusiwa kuwapangia upya mikopo wale walioathirika. Kwa chama cha wakulima hili lilikuwa kubwa. Malipo kwa njia ya simu yalipunguza foleni ya dirishani, yalipunguza karani mwenye mfuko wa fedha njiani, na yaliacha maandishi ambayo mwanachama aweza kuyasoma mwenyewe. Tulianza kwa ajili ya ugonjwa, na tumeendelea kwa ajili ya uaminifu.

Mombasa nako mambo yaligeuka. Mnada wa chai, uliokuwa ukifanywa kwa sauti na nyundo ndani ya ukumbi, ulihamia katika kompyuta mwaka ule wa 2020. Baadaye, Novemba 2023, mnada wa chai wa Dar es Salaam nao ulianzishwa. Zao lililoingizwa Kyimbila na Wajerumani mwaka 1904 sasa hupata mnunuzi wake kwa kioo cha kompyuta. Kwa hiyo karani wa chama asiyejua kompyuta leo ni kama karani wa mwaka 1932 asiyejua kusoma.

UJIRANI

Sasa nafika penye jambo gumu kuliko yote. Wanyakyusa tuna neno ukwangala, maana yake kufurahia kukaa pamoja na wenzako, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao. Bibi Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hii pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa jina lenye maana hiyo hiyo ya urafiki mwema. Kwetu mtu asiyekuja matangani si mtu wa kuaminiwa, wala hakopeshwi. Ushirika wetu umejengwa juu ya desturi hiyo. Mdhamini wa mkopo ni yule aliyekaa nawe penye msiba.

Korona ilikuja ikigusa mahali pale pale. Ilikuwa ikiambukiza kwa pumzi ya watu waliokaribiana, basi ukwangala wenyewe ukawa njia yake. Yalizuka mashauri makali. Vijana walisema watu wachache waende kuzika na wengine wabaki. Wazee wakauliza, mkituzuia kuliana, kesho tutaaminiana kwa nini? Pande zote mbili zilikuwa na haki. Shauri lililopatikana katika nyumba nyingi halikuwa la kuacha wala la kuendelea kama zamani. Watu walisalimiana "Mwaghonile" kwa kuinua mkono bila kushikana. Walikaa uwanjani badala ya ndani. Rambirambi zilitumwa kwa simu. Na majirani walipanga zamu ya kuchuma chai ya mfiwa na kumkamulia ng'ombe. Hiyo zamu ndiyo ninayotaka iandikwe katika kumbukumbu. Mwaka 1918 mikono ilikosekana na njaa ikaja. Katika miaka hii mikono ilipangwa, na shamba la mgonjwa halikulala. Ukwangala haukufa, ulitoka kitini ukaenda shambani.

Wengine hutusifu kwamba watu wetu walibaki wachangamfu wakati wa korona. Sifa hiyo naipokea, ila nataka ieleweke vema. Uchangamfu si kukana ugonjwa. Mtu asemaye "hakuna kitu" hana moyo mkuu; amefumba macho tu. Mwenye moyo mkuu husema, "Kitu kipo, nasi tupo, tufanye nini?" Mwezi wa Julai, tarehe 28, mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Dar es Salaam na kuizindua chanjo nchini. Palikuwa na wasiwasi mwingi mashambani, na wasiwasi huo haukuondolewa kwa kufoka. Uliondolewa kwa kueleza, na katika kueleza mimi nimeona habari ya sotoka ikifaa kuliko hotuba, maana kila mfugaji ajua kuwa ng'ombe huchanjwa na hupona. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha.

MADENI YALIYOBAKI

Maradhi yalipopungua, gharama zake zilibaki. Mbolea, ambayo meli zilichelewa kuileta, ilipanda bei katika mwaka 2021, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikaipandisha tena. Serikali iliweka ruzuku, iliyozinduliwa hapa hapa Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, siku ya Nane Nane ya mwaka 2022, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa Urea ukauzwa kwa bei ya Sh. 70,000. Msaada ule ulitufaa. Lakini ulikuja baada ya msimu mmoja mzima, na katika msimu ule waliopata mbolea ni wale ambao walikuwa na akiba, yao wenyewe au ya chama.

Ndiyo sababu nalileta shauri langu mbele ya wanachama na mbele ya Halmashauri. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 yataka chama kitenge akiba katika ziada yake. Hata hivyo katika kila mkutano mkuu husikika sauti isemayo, "Fedha ni zetu, tugawane yote, ya kesho Mungu ajua." Nawaelewa wasemao hivyo. Ada ya mtoto hailipwi na akiba ya chama, wala bati la nyumba halinunuliwi nayo. Lakini wazee wa mwaka 1918 hawakuwa na akiba ya pamoja, na walioponyoka homa waliangukia njaa. Sisi wa mwaka 2020 tulikuwa nayo kidogo, na kidogo hicho kilitosha kutuvusha. Akiba haiozi, wala haiugui.

Naomba basi mambo manne yatiwe katika mpango wa miaka kumi ijayo. Kwanza, mfuko wa dharura utengwe mbali na akiba ya kawaida, usiguswe ila kwa kura ya mkutano mkuu. Pili, kila mwanachama ahimizwe kuwa na zao moja lenye subira kando ya lile lisilo na subira. Tatu, zamu ya kazi kwa shamba la mgonjwa au mfiwa iandikwe katika daftari la kila chama cha msingi, isiachwe kwa huruma tu, kwa kuwa huruma huchoka na daftari halichoki. Nne, ndoo ya maji ibaki penye mizani. Imekwisha kuzoeleka, bei yake ni ndogo, na kipindupindu na homa ya matumbo havikuondoka pamoja na korona.

Maradhi mengine yatakuja. Hapana ajuaye mwaka wala jina lake, wala kama yatawapiga watu, ng'ombe au migomba. Yatakapokuja, wajukuu wetu watafungua madaftari ya chama hiki na kutafuta tulifanya nini. Tuwaachie kitu cha kusoma, na tuwaachie kitu ghalani.



Katibu wa Chama cha Msingi, Lufingo, Rungwe